Kamera Nne, Picha Moja: Uchambuzi wa Uoni wa Gari

Dereva huketi katika chumba cha chuma na kioo kinachompa upana mkubwa wa kutazama mbele, na papo hapo kikamnyima ardhi iliyo karibu naye kuliko nyingine yoyote: ardhi iliyo chini ya pua ya boneti, iliyo ubavuni mwa milango, iliyo nyuma ya bampa, na ile inayofichwa na nguzo zinazobeba paa. Mtu awezaye kulitambua lori lililo umbali wa nusu kilomita hawezi kumwona mtoto aliyechutama hatua mbili nyuma ya gurudumu lake. Upungufu huu haukuletwa na uzembe wa madereva wala udhaifu wa macho yao. Umo katika umbo la gari lenyewe, na umezidi kadiri magari yalivyoongezeka kimo, madirisha yakawa membamba, na nguzo za paa zikanenepeshwa ili zistahimili ajali ya kupinduka. Kwa hiyo kila kioo, kila king'ora na kila kamera iliyopachikwa katika gari kwa muda wa karne moja na zaidi ni jaribio la kurejesha kile ambacho umbo la gari limekiondoa. Na jaribio kubwa katika hayo, kwa dereva wa kawaida, ni lile la kuchukua taswira za kamera kadhaa, kila moja ikitazama upande wake, na kuziunganisha ziwe picha moja ambamo dereva huliona gari lake kutoka juu pamoja na ardhi inayolizunguka pande zote nne.

Picha hiyo inapendeza, na waliokwisha kuizoea huona taabu kuegesha gari lisilo nayo. Lakini uzuri wake si hoja ya uchambuzi huu. Hoja ni ushahidi: picha hii inashuhudia nini, kwa ithibati gani, na ushahidi wake unakoma wapi?

Zamani kazi ya kutazama nyuma ilikuwa ya mtu. Katika mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis, mwaka 1911, magari aghalabu yalibeba watu wawili, dereva na fundi aliyeketi ubavuni pake, na miongoni mwa kazi za fundi huyo ilikuwa kumwarifu dereva ni nani anayekuja nyuma. Ray Harroun alishindana peke yake katika gari la Marmon lenye kiti kimoja, na wapinzani wake waliponung'unika kwamba mtu asiye na wa kumtazamia nyuma ni hatari kwa wengine, akafunga kioo mbele ya macho yake, akaingia uwanjani, na akashinda. Kioo hicho hutajwa miongoni mwa vioo vya kwanza vya kutazamia nyuma kufungwa katika gari, nacho kilichukua nafasi ya mtu mzima.

Katika nchi zetu mtu huyo wa pili hajatoweka. Lori linaporudi nyuma katika ua wa ghala, iwe Mombasa au Dar es Salaam, utingo hushuka, akasimama mahali ambapo dereva anaweza kumwona katika kioo, akapiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti: "Njoo, njoo, kata kulia, njoo… hapo hapo, simama!" Kazi ya mtu huyu ina sehemu tatu ambazo wepesi wake hutufanya tuzione kuwa moja. Kwanza huona, pili hupima kama nafasi iliyosalia yatosha, tatu huamuru, na amri yake hulisimamisha lori kabla dereva hajapata wasaa wa kufikiri. Namwomba msomaji azishike sehemu hizi tatu, maana historia ya kamera za magari ni historia ya kuirithi kazi ya utingo kipande kwa kipande, kwa kuanzia kile kilicho chepesi.

Kuona ndicho kilichoanza. Mwaka 1956 kampuni ya General Motors ilionyesha gari la maonyesho lililoitwa Buick Centurion, ambalo badala ya kioo cha nyuma lilikuwa na kamera ya televisheni mkiani na skrini katika dashibodi; gari hilo halikuingia sokoni, lakini wazo lilikuwa limekwisha tamkwa hadharani. Ilipofika mwaka 1991 Toyota iliuza huko Japani gari la Soarer lenye kamera ya kumsaidia dereva kupiga rivasi. Na mwaka 2007 Nissan ikafunga kamera nne katika gari moja, Elgrand kwa soko la Japani na Infiniti EX kwa soko la Marekani, ikazishona taswira zake pamoja, ikampa dereva picha ya kutoka juu. Tangu hapo mfumo huo umeshuka kutoka magari ya kifahari hadi magari madogo ya kawaida, na leo unapatikana katika magari ya makampuni mengi duniani.

Namna unavyofanya kazi yafaa ielezwe polepole, kwa kuwa fadhila zake na hatari zake zote zimo humo. Kamera moja huwekwa mbele, karibu na wavu wa rejeta. Ya pili huwekwa nyuma, juu ya bati la namba. Mbili zilizosalia hufichwa chini ya vioo vya pembeni, zikiinama kutazama ardhi. Kila moja ina lenzi pana mno, inayokaribia nyuzi 180, ili eneo linaloonwa na kamera moja lipandane na eneo la jirani yake kwenye kila pembe ya gari. Lenzi ya namna hiyo hupata upana kwa kupoteza unyoofu, hata ukingo wa barabara ulionyooka hutokea umepinda, na kazi ya kwanza ya kompyuta ya gari ni kuikunjua taswira kwa kufuata vipimo vya lenzi vilivyochukuliwa kiwandani, mpaka mistari irejee katika unyoofu wake.

Kazi ya pili ndiyo kiini cha jambo. Kamera ya nyuma iko kimo cha mita moja hivi, inaitazama ardhi kwa mshazari, ilhali picha inayotakiwa ni ya jicho lililo juu ya paa. Na huko juu hakuna kamera. Kompyuta huvuka shida hii kwa kukubali dhana moja tu: kwamba kila nukta inayoonekana katika taswira imelala juu ya ardhi, na kwamba ardhi yenyewe ni tambarare. Maadamu dhana hiyo imekubaliwa, na maadamu kimo na mwinamo wa kila kamera vinajulikana, kila nukta ina mahali pamoja tu pa kuwekwa katika ramani, na kilichobaki ni hesabu ya jiometri ambayo kompyuta ndogo huirudia mara nyingi kwa sekunde, aghalabu mara 30, bila kuchoka. Kimo na mwinamo hujulikana kwa kazi ya usawazishaji: gari huegeshwa kwenye sakafu bapa, vitambaa au mbao zenye miraba myeusi na myeupe hutandazwa kulizunguka kwa umbali uliopimwa, kamera huitazama miraba hiyo, na kutokana na pembe za miraba kompyuta hutambua kila kamera imekaa wapi na imeelekea wapi.

Ni kazi ya akili nyingi, na wahandisi walioibuni wanastahili sifa. Hata hivyo dhana ile moja ina gharama yake, na gharama hiyo tunaweza kuipigia hesabu. Tuseme kamera ya nyuma iko kimo cha mita 1, na nyuma ya gari limeegeshwa lori dogo lililopakia nondo, nazo nondo zimechomoza nje ya bodi, ncha zake zikiwa kimo cha sentimita 80 kutoka ardhini na umbali wa mita 1 tu kutoka kwenye kamera. Mstari ulionyooka kutoka kwenye lenzi kupitia ncha ya nondo ukiendelezwa huigusa ardhi umbali wa mita 5. Basi kompyuta, ambayo imeamrishwa kuamini kwamba kila kitu kimelala chini, huichora ncha hiyo umbali wa mita 5, yaani mara tano ya umbali wake wa kweli. Na lau ncha ingekuwa kimo cha mita moja au zaidi, mstari huo usingeigusa ardhi kamwe, na nondo zisingekuwa na mahali pa haki katika ramani. Zingevutwa hadi ukingoni mwa picha na kuishia huko. Wakati huohuo ardhi iliyo chini ya nondo, ambayo kwa kweli ni tupu, huonyeshwa kuwa tupu. Dereva anaona uwazi, anarudi kwa utulivu, na chuma kinaingia katika bodi ya nyuma ya gari lake. Hapana kamera iliyoharibika wala hesabu iliyokosewa. Tatizo ni kwamba dunia haikulala chini kama kompyuta ilivyodhani.

Kwa sababu hiyohiyo, mtu aliyesimama karibu na gari huonekana katika picha ya juu akiwa amelala, miguu yake mahali pake, kiwiliwili na kichwa vikiwa vimevutwa kuelekea nje mithili ya kivuli cha jua la magharibi. Wengi hucheka waonapo umbo hilo, lakini lina funzo la kutumika: katika picha ya namna hii, mahali kitu kinapokanyaga ardhi ndipo pa kuaminiwa, na chochote kilicho juu ya hapo hakina umbali unaotegemewa. Dereva aangalie miguu ya mtu, tako la nguzo, gurudumu la gari jirani. Kitu kisicho na mguu katika picha, kama ubao unaochomoza, tawi lililoinama, au mlango wa nyuma wa gari jingine ulioachwa wazi, akihesabu kuwa hakikupimwa.

Aidha kuna maungio. Kwenye pembe nne za gari taswira za kamera mbili hukutana, na kila kamera huvisukuma vitu vilivyosimama kuelekea upande wake wa nje, hivyo nguzo moja iliyo pembeni huelekezwa huku na kamera ya mbele, na kule na kamera ya ubavuni. Mbuni wa mfumo hana budi kuchagua. Akikata taswira kwenye mstari mmoja, kitu chembamba kilichosimama juu ya mstari huo huweza kutupwa na kila kamera katika eneo la mwenzake, na kwa kuwa kila eneo humwonyesha dereva kamera moja tu, kitu hicho kikabaki na tako lake dogo tu, au kikatoweka machoni. Akizichanganya taswira polepole kwenye mpaka, kitu kimoja huonekana viwili, vyote hafifu. Wabuni wamejaribu hila nyingi za kuusogeza mpaka kulingana na mwendo wa usukani na gia iliyoingizwa, na hila hizo husaidia. Lakini pembe za gari, ambazo ndizo hukwaruza kuta na kugonga vitu vifupi zaidi kuliko sehemu nyingine, ndizo pia sehemu ambazo picha ni dhaifu. Sijaona tangazo la biashara la magari lililolisema jambo hili waziwazi, nami naliona kuwa upungufu wa amana.

Dhana ya pili, kwamba kamera zimekaa pale zilipopimwa, ni tete vilevile. Kamera ya kimo cha mita 1 ikiinama kwa nyuzi 1 tu kupita mwinamo uliorekodiwa, nukta iliyo ardhini umbali wa mita 3 husogea katika picha kwa takriban sentimita 18. Na nyuzi moja si kitu kikubwa: abiria watano na magunia nyuma hulishusha gari mkiani, springi zilizochoka hufanya vivyo hivyo, tairi lenye upepo mdogo huliinamisha upande, na bampa lililorudishwa na fundi baada ya kugongwa kidogo mara chache hurudi katika kipimo chake cha asili. Katika gari la abiria kosa hilo hustahimilika kama dereva ana hadhari. Katika lori lenye kamera za namna hii, ambalo kimo chake likiwa tupu ni mbali na kimo chake likiwa limejaa, kosa huwa sehemu ya kila siku ya kazi.

Yako maendeleo yaliyokusudiwa kuuondoa utumwa wa ardhi tambarare. La kwanza ni kuitandaza taswira si juu ya sakafu bapa bali ndani ya umbo la bakuli, sakafu ikiwa bapa karibu na gari na kingo zikipanda kwa mbali, hivyo vitu vilivyosimama mbali huonekana vimesimama. Hilo huboresha sura ya picha, lakini bakuli pia ni dhana, na ukuta ulio karibu na gari hauna habari nayo. La pili ni kumbukumbu. Land Rover ilionyesha mwaka 2014 wazo la boneti iliyo kama imetoboka, ambamo dereva huona katika skrini ardhi iliyo chini ya pua ya gari, na miaka michache baadaye ikaliingiza wazo hilo katika Range Rover Evoque. Hapana kamera inayotazama chini ya injini. Kinachoonyeshwa ni ardhi iliyopigwa picha na kamera za mbele muda mfupi uliopita, ikasogezwa kwa kipimo cha mwendo wa magurudumu. Kwa mwamba na shimo hilo ni msaada mkubwa, kwa kuwa mwamba hauhami. Kwa paka aliyejikunyata chini ya gari baada ya picha kupigwa, skrini haina habari kabisa.

La tatu, ambalo ndilo linaloshughulisha maabara za siku hizi, ni kuifundisha kompyuta ikisie umbali wa kila kitu badala ya kukilaza chini. Watafiti walikusanya hazina za picha zilizopimwa, na iliyo mashuhuri ni nuScenes ya mwaka 2019, yenye matukio 1,000 ya sekunde 20 kila moja, yaliyopigwa na gari lenye kamera sita katika miji ya Boston na Singapore. Kutokana na hazina za aina hiyo zikatoka mbinu kama ile iitwayo Lift, Splat, Shoot mwaka 2020 na BEVFormer mwaka 2022, ambazo huchukua taswira za kamera zote kwa pamoja na kutoa ramani moja ya kutoka juu, yenye magari, watu na mipaka ya barabara. Tesla ilieleza hadharani mwaka 2021 jinsi inavyoziunganisha kamera zake nane kwa njia ya namna hiyo, na mwaka 2022 ikaanza kuuza magari yasiyo na vihisio vya sauti katika bampa. Tofauti na mfumo wa kale ni kubwa: ule ulikuwa na dhana moja iliyo wazi, ambayo mtu yeyote aweza kuieleza kwa kalamu na karatasi, huu una maelfu ya mazoea yaliyofunzwa na mifano, na mifano hiyo ina kwao. Boston na Singapore ni miji yenye barabara zilizochorwa mistari. Hapana budi mashine iliyolelewa huko ipimwe upya kabla ya kuaminiwa mbele ya mkokoteni wa maji, bodaboda iliyobeba godoro, au kundi la ng'ombe likivuka barabara wakati wa magharibi.

Kuhusu muda nitasema kwa ufupi. Picha hupita katika lenzi, kompyuta na skrini kabla ya kufika machoni, na Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 46, inayohusu vioo na kamera zinazovibadili, hutaka ucheleweshaji huo usifikie milisekunde 200. Gari linalorudi nyuma kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa husogea takriban sentimita 28 katika muda huo. Nafasi hiyo ni kubwa kuliko ile ambayo dereva stadi huiacha kati ya bampa lake na ukuta.

Sheria za nchi mbalimbali zimelikabili jambo hili kwa njia zinazotofautiana kimsingi. Marekani ilianzia kwenye msiba: watoto waliokanyagwa na magari yakirudi nyuma, mara nyingi katika ua wa nyumba zao wenyewe na mara nyingi na jamaa zao. Serikali ilipotoa kanuni yake mwaka 2014 ilikadiria vifo 210 na majeruhi 15,000 kwa mwaka kutokana na ajali za namna hiyo, na watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa asilimia 31 ya waliokufa. Kanuni ikaamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 2018 kila gari jipya lisilozidi uzito wa pauni 10,000 limwonyeshe dereva eneo la futi 10 kwa 20 lililo nyuma ya gari, na picha itokee ndani ya sekunde 2 tangu gia ya rivasi kuingizwa. Sheria hiyo ilisema: dereva apewe picha.

London ilisema jambo jingine. Mji ule, baada ya waendesha baiskeli na waenda kwa miguu wengi kuuawa na malori mazito, ulianza kuyapima malori kwa kiasi ambacho dereva huona kwa macho yake mwenyewe kupitia madirisha, bila kioo wala kamera, ukayapa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Na lori lisilofikia kiwango likatakiwa kuongeza kamera, vihisio na ving'ora ndipo lipewe kibali. Utekelezaji ulianza mwaka 2021, na Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi nyota tatu. Nyuma ya sheria hiyo upo utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, ambao uliona kwamba dereva anayemwona mtu moja kwa moja huitikia mapema kwa takriban sehemu saba za kumi za sekunde kuliko anayemwona kwa kupitia kioo. Na katika muda huo lori la mwendo wa kilomita 24 kwa saa husogea zaidi ya mita 4. Naikubali hukumu ya London. Dirisha halihitaji kusawazishwa, na kamera ni dawa ya upungufu ambao umbo bora la gari lingeweza kuupunguza tangu mwanzo.

Lakini ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule uliotolewa na taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na makampuni ya bima ya Marekani. Ilipolinganisha ajali za kurudi nyuma zilizoripotiwa kwa polisi, iliona kwamba magari yenye kamera ya nyuma yalikuwa na ajali hizo pungufu kwa asilimia 17. Na yale yenye kamera pamoja na vihisio na breki inayojifunga yenyewe yalipungukiwa kwa asilimia 78. Hapo ndipo sehemu tatu za utingo zinaporejea katika hesabu. Kamera imerithi kuona peke yake. Haikupima, kwa kuwa ramani yake imejengwa juu ya dhana. Wala haikuamuru, kwa kuwa dereva aliyegeuza shingo au anayetazama kona nyingine ya skrini hakuambiwa chochote. Vihisio viliporithi sehemu ya pili na breki ya tatu, faida ikaongezeka zaidi ya mara nne. Picha iliyounganishwa basi isihesabiwe kuwa mwisho wa safari, na mnunuzi mwenye fedha ya kuchagua kati ya skrini kubwa yenye picha nzuri na breki ya nyuma inayojifunga yenyewe achague breki.

Je, sisi tunaingiaje katika habari hii? Tunaingia kwa njia ya meli. Magari mengi yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam ni ya mtumba kutoka Japani, nchi ambako mfumo huu ulienea mapema hata katika magari madogo na ya familia. Hivyo mtu anayenunua Nissan Note, Serena au X-Trail huweza kujikuta na kamera nne ambazo hakuziomba. Chombo huwasili, lakini maarifa yake hubaki kule kilikotoka. Maandishi ya skrini, yakiwemo maonyo yanayoeleza mipaka ya picha, ni ya Kijapani. Redio ya asili, ambayo mara nyingi ndiyo skrini ya kamera, hudai kadi ya ramani au hujifunga betri ikichomolewa, na mwenye gari huibadilisha kwa redio nyingine ambayo fundi huiunganisha na kamera ya nyuma tu, tatu zilizosalia zikaachwa bila kazi. Vioo vya pembeni, ambavyo katika miji yetu wezi huviandama mpaka wenyewe huvichonga namba za usajili, hubeba kamera ndani yake. Kikiibwa kimoja hununuliwa kingine katika duka la vipuri, na kama kina kamera, kamera hiyo ni ya gari jingine, haikupimwa kwa gari hili. Skrini huwaka. Picha hutokea. Mstari wa manjano unaoonyesha njia ya magurudumu huchorwa kwa uhakika uleule uliokuwapo kiwandani, na hakuna dalili yoyote inayomwambia dereva kwamba mahali panapoonekana pana nafasi ya mita moja pana nusu yake.

Gari lisilo na kamera ni afadhali kuliko hili. Dereva wa gari lile anajua kwamba haoni, hivyo hushuka akatazama, au humwita mtu amwelekeze. Dereva wa gari hili ameondolewa hofu bila kuondolewa hatari. Wala tope la masika halifanyi hiana, kwa kuwa hulifunika jicho waziwazi na dereva hufuta lenzi kwa kidole na kuendelea. Kosa lisiloonekana ndilo linaloua.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania, ambayo hushughulika na ukaguzi wa magari ya mtumba na hujali breki, taa na vioo, yaiweke picha iliyounganishwa katika orodha hiyo: ama imesawazishwa, ama izimwe. Vyuo vya ufundi viwafundishe mafundi wa bodi na wa umeme kwamba bampa na kioo chenye kamera havijarudishwa mpaka vimepimwa, na gereji inayoweza kutandaza vitambaa vya miraba kwenye sakafu bapa ilipwe kwa kazi hiyo kama inavyolipwa kwa kunyoosha magurudumu. Wenye shule za udereva waeleze miguu ya kuaminiwa na nondo zisizo na mguu, kwa mfano wa kuonekana uani, maana ni jambo la robo saa.

Nawe msomaji, kama gari lako lina kamera hizi, liegeshe mahali tambarare, chukua ndoo nne, weka moja kwenye kila pembe umbali wa nusu mita kutoka kwenye bampa, kisha rudi kwenye usukani uitazame skrini. Ndoo ambayo huioni, au ambayo tako lake linaonekana mbali kuliko ulivyoiweka, imekuonyesha pembe usiyopaswa kuiamini. Ipeleke habari hiyo kwa fundi, na mpaka atakapoishughulikia, shuka utazame kwa macho yako kabla ya kuingiza gia ya rivasi.